Sare ya Magwiji: Taja Hatua, Usilaumu Ufunguzi

Habari ikiingia kwamba magwiji wawili wa sataranji wametoka sare kwa hatua 14, kijiwe kinagawanyika hata kahawa haijapoa. Wa huku wanasema wameuziana mechi. Wa kule wanasema lawama ni ya ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, kama ule uitwao Berlin: "Kaka, ukicheza Berlin ulitegemea nini?" Wote wanaweza kuwa na hoja, ila mpaka hapo hakuna aliyegusa kete. Mwongozo huu ni kwa wapenzi wa sataranji wa Dar, iwe Upanga, Sinza au Mbagala, popote penye ubao na watu wanne au watano wanaotaka kubishana kwa ushahidi.

Kanuni ya msingi ni moja: anayelaumu ataje namba ya hatua. "Berlin ni sare" haipimiki. "Mweupe alikosea hatua ya 6 alipokula e5 badala ya c6" inapimika, kwa sababu mtu anaweza kuipanga ubaoni na kuipinga.

Herufi zinazotumika humu ni zilezile za kwenye programu za simu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Herufi ndogo na namba, kama e5, ni jina la mraba, na nukta tatu baada ya namba ya hatua ni hatua ya Mweusi. Alama ya x ni kula, + ni sheki (mfalme kushambuliwa), na O-O ni mfalme kujificha upande mfupi.

Uje na nini

Ubao halisi na kete zake, simu moja yenye chaji ya kutosha, daftari na kalamu. Watu watano hawawezi kuinamia kioo cha simu; kila mmoja ataona mkao wake na mtabishana juu ya mchezo ambao haukuchezwa.

Pakua faili la PGN la mchezo, yaani orodha ya hatua zake, kabla ya kutoka nyumbani. Ni maandishi matupu ya kilobaiti chache, wakati matangazo ya video ya saa nne yanaweza kumaliza bando la wiki. Lichess, tovuti na programu ya sataranji, ni bure, na michezo ya mashindano inayorushwa pale kwa kawaida huja na muda uliobaki kwenye saa ya mchezaji baada ya kila hatua. Fungua faili uangalie kama lina alama ya %clk. Kama halina, tafuta jingine, maana bila saa umepoteza nusu ya ushahidi. Injini ya Stockfish, yaani kompyuta inayopima mikao, iliyomo kwenye programu ya simu inafanya kazi bila mtandao. Hifadhidata ya funguzi, yaani kumbukumbu ya michezo iliyokwisha kuchezwa, ndiyo inayohitaji mtandao, kwa hiyo piga picha za skrini za mikao muhimu mapema.

Angalieni pia saa za huko mchezo unakochezwa. Mechi ya ubingwa wa dunia ya 2024 kule Singapore ilianza saa 11 jioni kwa saa zao, huku kwetu ikiwa saa 6 mchana, hivyo mkikutana baada ya Isha faili huwa limeshakamilika. Mchezo unaoanza London saa 9 alasiri wakati wa baridi unaanza huku saa 12 jioni. Huo msiubishanie siku hiyohiyo. Ahirisheni hadi kesho.

Ni sare ya aina gani?

Hili linarukwa kuliko yote, nalo ndilo linaloamua kama ufunguzi unahusika. Sare inaweza kuja kwa makubaliano, kwa mkao uleule kutokea mara tatu, kwa mchezaji kukosa hatua yoyote halali bila mfalme wake kuwa na sheki, kwa kete kutotosha kumfunga mfalme, au kwa hatua 50 za kila upande bila kula wala kusogeza askari. Mkao uliojirudia kufikia hatua ya 14 ni uamuzi wa ufunguzi, hakuna ubishi. Sare ya hatua ya 70, wamebaki wafalme na ngome moja moja, imepita mikono mingi mno kuibebesha hatua ya 3.

Sare ya makubaliano ndiyo yenye mtego. Mwaka 2018 mjini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya muda mrefu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mechi ya ubingwa wa dunia. Katika mchezo wa 12 Carlsen alikuwa Mweusi, akacheza ufunguzi wa Sisilia ya Sveshnikov, akapata mkao mzuri zaidi na muda mwingi zaidi, kisha akaomba sare hatua ya 31. Ufunguzi ulikuwa umefanya kazi yake. Aliona afadhali aende kwenye michezo ya kasi, akashinda yote mitatu. Anayesema "Sveshnikov ilimwangusha" amesoma matokeo tu.

Kwa hiyo kabla ya hatua ya kwanza, andikeni daftarini: nani Mweupe, mechi ilikuwa ngapi kwa ngapi, imebaki michezo mingapi, na kanuni za shindano zinasemaje kuhusu kuomba sare. Katika mechi ya ubingwa wa dunia ya 2016 mjini New York, Carlsen na Sergey Karjakin walikuwa sawa kwa pointi kabla ya mchezo wa 12, na haikuruhusiwa kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30. Mchezo ukaisha kwa Berlin, sare, hatua ya 30 kamili. Ukijua kanuni hiyo huhitaji kuuliza kwa nini namba ni 30.

Saa inaonyesha maandalizi yaliishia wapi

Pitieni faili mkiandika muda uliotumika kila hatua. Magwiji hucheza hatua walizoandaa nyumbani kwa sekunde chache. Hatua ya kwanza iliyokula zaidi ya dakika tano huwa ndipo kumbukumbu ilipoishia, au mpinzani ametoa kitu ambacho hakikutarajiwa. Iwekeeni duara, moja kwa Mweupe na jingine kwa Mweusi. Aliyefikiri wa kwanza ndiye aliyeshtukizwa, hata kama mwishoni walitoka sare.

Mambo mawili hupotosha hapa. La kwanza ni nyongeza ya sekunde. Katika mechi ile ya London 2018 mchezaji aliongezewa sekunde 30 kila hatua tangu mwanzo, kwa hiyo saa ya anayecheza haraka hupanda. Toeni nyongeza hiyo kwenye hesabu. Katika mechi ya ubingwa wa dunia ya 2021 kule Dubai nyongeza ilianza hatua ya 61, kwa hiyo tofauti ya saa ndiyo muda halisi aliotumia. La pili ni maigizo: wapo wanaokaa dakika kumi juu ya hatua wanayoijua ili mpinzani aamini wamepotea. Dawa yake ni kuangalia hatua tatu zinazofuata. Aliyepotea kweli hachezi ghafla hatua tatu ngumu kwa sekunde ishirini.

Hifadhidata

Kwenye Lichess chagueni michezo ya mabingwa, yaani ya ubaoni ya wachezaji wenye alama 2200 na zaidi za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Nendeni hatua kwa hatua mkiangalia idadi ya michezo inavyopungua. Pale inapofika sifuri ndipo hatua mpya ilipozaliwa. Msiamini mwambaa wa asilimia ikiwa michezo iko chini ya thelathini au hivi. Michezo mitatu iliyoisha sare inaonyesha "100%", na lipo jamaa litakaloinua simu juu kama kombe.

Injini iwashwe mwisho

Kila mtu aandike kwanza jibu lake: hatua gani, ya nani, na badala yake ichezwe nini. Injini ikiwashwa mapema, watu wote wanakuwa na akili moja.

Mkiiwasha, iwekeni ionyeshe njia tatu, si moja, na muiache ifike kina (umbali inaotazama mbele) cha 25 hadi 30. Simu itapata moto. Itoeni kwenye kava. Kisha msisome 0.00 ya juu (yaani hakuna mwenye faida) peke yake. Kama njia zote tatu ni 0.00 au karibu na hapo, mkao umekufa kweli, hata anayecheza ovyo kidogo anatoka salama. Kama ya kwanza ni 0.00, ya pili −1.8 na ya tatu −3 (yaani, akiwa Mweupe, anazidiwa), mchezaji alikuwa anatembea juu ya ukuta mwembamba, na sare yake ilikuwa kazi nzito. Kwenye karatasi ya matokeo sare hizo mbili zinafanana kabisa, na mabishano mengi ya vijiweni ni watu wawili wanaozungumzia kila mmoja sare yake.

Zoezi: Berlin ya hatua 14

Pangeni hii ubaoni. Imetokea mara nyingi mno katika ngazi za juu, na haidai kumbukumbu kubwa:

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4 Qd6. Sare.

Kwenye 10.exd6 askari wa e5 anamla wa d5 aliyeruka miraba miwili, ndiyo kula kwa njia ya kupita. Simameni baada ya 10...Qxd6 muhesabu. Kila upande una malkia, ngome mbili na askari sita. Mweupe amebaki na askofu wa c1 na farasi wa b1, Mweusi ana maaskofu wote wawili. Mfalme wa Mweupe ameshajificha, wa Mweusi bado yuko katikati, na safu ya e iko wazi. Hapo ndipo mchezaji wa kawaida anapofikiri Mweupe ana shambulizi.

Sasa jaribuni. Baada ya 11.Qe4+, Mweusi akikinga kwa 11...Be6, askari wa b7 anabaki bila mlinzi na malkia anamwona. Kwa hiyo anakinga kwa malkia. Mweupe akibadilishana, 12.Qxe6+ Bxe6, Mweusi hana cha kuogopa tena na maaskofu wake wawili wamebaki. Asipotaka, anarudi 12.Qd4, akitishia Re1 ambayo ingembana malkia wa Mweusi mbele ya mfalme wake. Mweusi naye anarudi d6. Mkao uliokuwepo baada ya hatua ya 10 umetokea tena baada ya 12 na tena baada ya 14. Mara tatu, na aliyetaka zaidi ya sare hakuwepo.

Nani alaumiwe? Wengi hunyoosha kidole hatua ya 3, 3...Nf6, kwa kuwa ndiyo yenye jina. Kosa hilo. Baada ya hapo Mweupe alikuwa na milango mitatu. Gaweni kila mlango kwa mtu mmoja acheze hatua kumi mbele dhidi ya wengine.

Mlango wa kwanza ni 4.d3. Mweupe anailinda e4, kete zote zinabaki, mchezo unakuwa wa polepole wa kusogeza na kuvizia. Anayetaka kushinda kwa uvumilivu hupita hapa.

Wa pili ni 5.Re1, ambapo kawaida huendelea 5...Nd6 6.Nxe5 Be7 7.Bf1 Nxe5 8.Rxe5 O-O 9.d4 Bf6. Askari wa pande zote mbili wanakaa kwa kufanana, na sare ni nyingi, ila malkia wote wapo na hakuna mkao unaojirudia wenyewe.

Wa tatu ndio wenye historia: 6.Bxc6 dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8. Malkia wameondoka hatua ya 8 na mfalme wa Mweusi hawezi tena kujificha. Mweupe ana askari wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme, wakati wanne wa Mweusi upande wa pili wana wawili waliopangana kwenye safu ya c. Ondoeni kete zote zingine mbakishe wafalme na askari tu, mtaona Mweupe ndiye mwenye faida. Malipo ya Mweusi ni maaskofu wawili na mkao usio na pa kuingilia. Vladimir Kramnik aliutumia ukuta huu dhidi ya Garry Kasparov katika mechi ya ubingwa wa dunia, London mwaka 2000. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja kati ya 15, na taji likaondoka kwa 8½–6½. Pamoja na hayo, huu si mkao uliokufa. Una hatua 40 za mapambano ndani yake, na wanaoupuuza ni wale wasiopenda kucheza bila malkia.

Kwa hiyo jibu la zoezi: hatua ya 6, ya Mweupe, 6.dxe5. Mweusi alifungua njia ya sare. Mweupe ndiye aliyeipita, akijua inafika wapi. Ikiwa kwenye mechi Mweupe alikuwa anaongoza, basi hata hilo si kosa, ni hesabu. Na kama ni Mweusi aliyekuwa anahitaji ushindi siku hiyo, lawama zinarudi kwake hatua ya 3: angecheza 3...a6 na kubaki na kete zaidi ubaoni.

Ufunguzi uleule, matokeo mawili

Kwa mbishi ambaye bado anashikilia kwamba ufunguzi ndio unaoamua, mpelekeni Reykjavik 1972, kwenye mechi ya ubingwa wa dunia. Bobby Fischer akiwa Mweusi dhidi ya Boris Spassky alicheza ufunguzi wa Najdorf ya askari mwenye sumu mara mbili katika mechi moja: 1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 a6 6.Bg5 e6 7.f4 Qb6 8.Qd2 Qxb2 9.Nb3 Qa3. Katika mchezo wa 7 Spassky alicheza 10.Bd3, ikaisha sare hatua ya 49. Katika mchezo wa 11 alicheza 10.Bxf6, baadaye akarudisha farasi nyumbani kwa 14.Nb1, malkia wa Fischer akawa hana pa kukimbilia vizuri, na Spassky akashinda kwa hatua 31. Hatua tisa za mwanzo ni zilezile. Tofauti ni ya 10.

Kuendesha mabishano yenyewe

Mmoja amtetee Mweupe, mmoja Mweusi, mmoja ashike simu, na mmoja tu aguse kete. Mikono mitano ikiingia ubaoni, mkao unapotea na nusu saa inaenda kutafuta farasi alikuwa wapi. Kila mtetezi apewe dakika tatu. Anayedai "hapa angeshinda" aonyeshe hatua tano mfululizo huku wengine wakimjibu. Akikwama ya tatu, dai limekufa na linafutwa daftarini. Wazee wa drafti wanaopita kando wana desturi ya kusema "sogeza ile" bila kusema ipi. Wakaribishwe, wapewe kiti, nao wataje namba.

Mambo ya kuchunga ni machache. Kutumia matokeo ya mchezo unaofuata kama ushahidi wa huu hakufai. Kulinganisha na namna tunavyocheza sisi nako hakufai: ufunguzi wa Kifaransa cha kubadilishana, 1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5, huitwa sare ya usingizi kwa magwiji, lakini mashindano ya mtaani huzaa washindi kutoka humo kila wiki, kwa sababu watu wanaacha kete bure. Hali ni hiyo kwa ufunguzi wa Petrov pia. Anayeiiga kwa kuwa "ni salama" aangalie 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nxe4, kuiga tu anachofanya Mweupe. Inakuja 4.Qe2, farasi anakimbia 4...Nf6, kisha 5.Nc6+: sheki inatoka kwa malkia wa e2, na farasi anamla malkia wa d8. Mpangilio sahihi ni 3...d6 kwanza, farasi wa Mweupe aondoke, ndipo ule e4.

Ukiitaka sare hiyo kwenye shindano lako

Wengi wanaijua Berlin ya hatua 14 lakini hawajui kuidai, na mwamuzi hawezi kukusaidia kabla mkao haujatokea mara tano. Ukiona hatua yako inayofuata italeta mkao kwa mara ya tatu, usiicheze. Iandike kwenye karatasi ya kumbukumbu, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie unadai sare na unakusudia kucheza hatua hiyo. Ukigusa kete na kuisogeza kwanza, haki hiyo imepita kwa mpinzani wako, ambaye naye anaweza kudai kabla hajacheza. Mikao haihitaji kufuatana; inahitaji kuwa ileile kwa kete, kwa zamu ya kucheza, kwa haki ya mfalme kujificha na kwa haki ya kula askari kwa njia ya kupita. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili na hatua uliyoandika inabidi uicheze.

Ukiomba sare kwa makubaliano, mpangilio ni mwingine: cheza hatua yako, sema "naomba sare", kisha bonyeza saa, na wote wawili mwandike (=) kwenye karatasi. Ukiomba wakati mpinzani anafikiri, ombi linahesabika, ila mwamuzi anaweza kukuadhibu kwa kumsumbua.